Mbuzi wa Ntheo na Karavani ya Mzee Munyao

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mke wake wala Mungu wake, Mzee Munyao huvaa gambuti, hutia mkono wa kushoto mfukoni, na kwa mkono wa kulia hupitisha mwiko wa kusongea ugali kwenye mlango wa karavani yake mpaka ncha yake iiguse swichi ya taa. Taa huwaka. Munyao huitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolitarajia, kisha huurudisha mwiko jikoni, ambako mchana utasonga ugali kama kawaida.

Ukimuuliza mwiko ni wa nini, atakwambia kuwa stima ni kama fahali, huiendei mkono mtupu. Hatakwambia kwa nini majirani zake wote, pale mlimani juu ya mji wa Salama, huwasha taa kwa kidole gumba na hakuna hata mmoja anayefuga fahali sebuleni.

Karavani ilimjia wakati wa ujenzi wa barabara. Mkandarasi alikuwa na mhandisi mgeni aliyelala ndani ya hiyo nyumba ya bati jeupe yenye magurudumu, na Munyao alikuwa mlinzi wa kambi. Barabara ilipokwisha, mhandisi alikwenda zake. Ekseli ya karavani ilikuwa imepinda, na kampuni ikaona kuikokota hadi Nairobi ni kujisumbua, basi mlinzi akaambiwa aichukue. Trekta iliivuta ikaipandisha mlimani na kuiegesha kando ya nyumba nzuri ya matofali ambayo Kalondu, mke wa Munyao, alikuwa ameijenga kwa kuuza machungwa kando ya barabara tangu ujana wake. Kuanzia siku hiyo nyumba ya matofali ikawa jiko, na karavani ikawa nyumba.

Pamoja na karavani, Munyao alirithi elimu. Hakusomea umeme, lakini alikuwa amemtazama mhandisi akichomeka na kuchomoa kwa muda mrefu, na kwa maoni yake kutazama ndiko kusoma, na vyeti ni vya watu wasioyaamini macho yao wenyewe. Alivuta waya kutoka kwenye dari ya nyumba, akauunga na ule wa karavani kwa utepe mweusi, kisha akaifunga swichi kwenye bati karibu na mlango. Ndani ya waya ule mlikuwa na nyuzi tatu. Ule wa rangi ya kijani na manjano aliuona kuwa ni wa mapambo. Aliukata akaufungia mlango wa banda la kuku, na alipenda kuwaonyesha wageni jinsi ulivyo imara.

Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limekauka, karavani ilitekenya tu. Mvua zilipokuja ikaanza kuuma. Uliposhika kitasa ukiwa umesimama chini, kitu kilikupanda mkononi hadi kwenye kwapa, kikakuacha ukijitazama vidole kama si vyako.

Familia nyingine ingemwita fundi. Familia ya Munyao ilijifunza adabu mpya. Kalondu alianza kuingia kwa kuruka miguu yote miwili pamoja, mikono juu, kama mtu anayevuka kijito na mzigo kichwani. Kanyiva, kitinda mimba wao, aliusukuma mlango kwa sinia ya plastiki. Na ilhali katika boma lolote la Ukambani mgeni mwenye heshima huviacha viatu mlangoni, kwa Munyao mgeni alisihiwa asivivue, matope kwenye zulia si neno. Akina mama wa kanisani walilichukua jambo hilo kuwa ni unyenyekevu. Mchungaji aliwahi kuitaja familia ile kwenye mahubiri kuwa ni mfano wa watu wasioyajali mambo ya dunia hii.

Kulikuwa na fundi mmoja, kijana aitwaye Ben, aliyekuja kutengeneza friji, akaiegemea karavani kwa bahati mbaya na kuruka hatua mbili nyuma. Alisema ile nyumba itaua mtu. Munyao alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa upole kuwa anamwelewa, vijana wa siku hizi hawana kazi na lazima wajitafutie.

"Lakini inauma hata ikiwa imezimwa," Kalondu alimwambia mumewe siku hiyo, Ben alipoondoka. "Hiyo imezimwa gani?"

Munyao alimweleza kwa subira. Yale yanayouma baada ya kuzima, alisema, ni mabaki. Ukiondoa kuni, jiko halipoi papo hapo. Stima nayo ni hivyo hivyo, ukiizima hubaki joto lake kwenye bati mpaka litakapoisha. Kalondu alirudi kwenye sufuria zake. Alikuwa ameishi na mume huyu muda wa kutosha kujua kwamba kumbishia ni kuchota maji kwa kikapu.

Mambo yangeendelea hivyo, kila mtu na mruko wake, kama Kanyiva asingepata mchumba.

Kanyiva alifanya kazi katika duka la dawa za mifugo kule Kikima, akirudi nyumbani mwisho wa juma. Mchumba wake, Mulinge, alikuwa mtu wa Kyuso, mbali kaskazini, kwenye nchi kavu inayolima ndengu na kufuga mbuzi. Kilichobaki ni ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao mnaweza kuishi pamoja, mkazaa na mkaona wajukuu, na bado Mkamba atakwambia hamjaoana. Kwa watu wa Mulinge hili halikuwa jambo la maneno tu. Kaka yake mkubwa alikuwa ameishi na mke bila ntheo, na alipofariki, ndugu wa ukoo walimwambia mjane yule aondoke kwenye shamba, kwa kuwa hakuna mbuzi aliyewahi kuchinjwa kwa ajili yake. Aliondoka na mtoto mgongoni. Mama Mulinge hakuwa amewasamehe ndugu hao, wala hakuwa amejisamehe mwenyewe. Aliapa kwamba Kanyiva hatakanyaga kwake mpaka mbuzi watatu wafike kwa baba yake, wapokewe, na mmoja achinjwe mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo siku ilipopangwa, Kanyiva alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa na mlango wa bati. Alimwomba baba yake wageni wakae katika nyumba ya matofali.

Munyao alimtazama kama aliyeambiwa awapokee wakwe chooni. Watu watoke Kyuso yote hiyo, akawaweke jikoni, na sebule yenye magurudumu ipo? Lakini alikuwa baba, na baba ana huruma. Alimwahidi kwamba ataizima taa tangu jana yake, ili hadi wageni wafike mabaki yote yawe yamepoa.  Kanyiva alijiambia kwamba siku moja tu itapita.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi uwanja ulikuwa uji mwekundu. Munyao alikuwa ametimiza ahadi, swichi ilikuwa imezimwa na taa haiwaki, na yeye alitembea uani akiwa amevaa koti la suti na juu yake kizibao cha kung'aa cha kambi ya barabara, ambacho alikivaa kwenye harusi, mazishi na meza ya Bwana. Vipaza sauti vya kanisa vilikuwa vimeazimwa na kuchomekwa ndani ya nyumba ya matofali, na nyimbo za injili zilisikika hadi chini kwenye maegesho ya malori.

Wageni walifika kwa pikapu mbili. Msemaji wao alikuwa Mzee Nthiwa, amu yake Mulinge, mtu mkavu mwenye sauti ya chini iliyowafanya wengine wanyamaze. Mama Mulinge alishuka na magunia ya ndengu na blanketi la kumpa mwenyeji wake. Kalondu alimkumbatia, akamwongoza uani kwa kumshika mkono, akampitisha mbali na karavani. Mbuzi walishushwa, majike mawili na beberu mmoja mweupe mwenye ndevu za mzee wa kanisa. Vijana wa wageni, wote wakiwa na gambuti miguuni, waliwafunga majike kwenye uzio. Beberu, ambaye ndiye angechinjwa, walimfunga kwa kamba ya katani kwenye chuma cha mbele cha karavani, kile cha kuivutia. Kilikuwa karibu, na kilionekana imara.

Munyao alikuwa amesimama kwenye kigoda akiwakaribisha. Alianza na historia ya barabara, akaingia kwenye historia ya karavani, akafika mahali ambapo mhandisi alimwambia, kwa maneno yake, kwamba angekuwa na wasaidizi watatu kama yeye barabara ingefika Mombasa kabla ya Krismasi. Wageni waliitikia kwa adabu. Beberu hakusikiliza. Mbuzi hupenda kulamba chuma, na huyu alikuwa ametoka safari ndefu bila chumvi. Alinyoosha shingo, miguu minne ikiwa ndani ya matope, akalamba.

Hakulia. Alikakamaa, akawa kama mbuzi aliyechongwa, kisha akaanguka ubavu na ndevu zake zikaingia kwenye maji.

Nyimbo ziliendelea. Munyao naye aliendelea kwa sentensi mbili zaidi kabla ya kuona kwamba hakuna anayemtazama. Aliteremka kwenye kigoda, akamwendea beberu, akasimama hatua kadhaa kutoka kwake, na Kanyiva, aliyekuwa mlangoni pa jiko, aliona hatua hizo na kuelewa kila moja.

"Amechoka na safari," Munyao alisema. "Mbuzi wa Kyuso hajazoea baridi ya huku."

"Mbuzi wa Kyuso," Mzee Nthiwa akajibu polepole, "huenda mtoni asubuhi na kurudi jioni, na mto wenyewe hauna maji. Leo amepanda gari kama mheshimiwa. Amechoka na nini?"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haukuwa ubishi mdogo. Kama beberu alikufa kabla hajapokewa, basi wageni walikuwa wameleta mbuzi wawili, na mbuzi wawili si ntheo. Kama alikufa baada ya kupokewa, basi mwenyeji ndiye aliyeua mbuzi wa ntheo kabla kisu hakijamgusa, na hilo lilikuwa na jina baya zaidi. Munyao alishika upande wa kwanza. Alisema neno la kupokea hakuwa amelitamka, hotuba yake ilikuwa bado kwenye barabara. Mzee Nthiwa alisema mbuzi aliyefungwa kwenye nyumba ya mtu yuko mikononi mwa mtu huyo, hata kama mtu huyo hajamaliza kujisifu. Mzee mmoja wa upande wa Kalondu alicheka, akajifanya anakohoa. Mtu mwingine wa wageni, kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa, alisema labda ni ishara, na kwamba pikapu bado zina moto.

Kanyiva alimtazama Mulinge. Mulinge alikuwa akiangalia viatu vyake. Ishara. Neno hilo likishasemwa kwenye ntheo halirudi mdomoni kwa urahisi, na alijua kwamba mtu mmoja zaidi akilikariri, atabaki mlimani pale akiwa msichana ambaye mbuzi wake alikufa mwenyewe.

Baba yake, akiona mambo yanamponyoka, aliamua kuwa mkarimu. Alisema mambo mazito hayazungumzwi kwa miguu. Waingie ndani, kwenye viti, wanywe chai, na wazee watalipatia jambo hili njia. Akina mama watangulie, karibu, karibuni.

Na Mama Mulinge, aliyekuwa akimtazama yule beberu kwa macho ya mtu aliyekwisha kuliona jambo hili mara moja maishani mwake, aligeuka, akaenda kwenye mlango wa karavani, akainama na kuvua viatu.

Kalondu alimkimbilia kwa kadiri matope yalivyomruhusu, akimsihi avae, hapa hatuvui, mama, vaa tu. Mama Mulinge alimpigapiga begani.

"Nitaingiaje kwa mkwe wangu na matope?" alisema. "Mimi si mtu wa hivyo."

Mguu wake mtupu ulizama hadi kwenye kifundo. Mkono wake ukaenda kwenye kitasa.

Kanyiva hakukumbuka baadaye jinsi alivyouvuka uwanja. Alichokumbuka ni mlio wa kofi lake likiupiga mkono wa mama mkwe wake, mlio mkavu, mbele ya koo mbili, siku ya ntheo. Hakusimama kueleza. Alikimbia ndani ya nyumba ya matofali, akaipata swichi kubwa iliyo juu ya mita, akaishusha. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Uani palinyamaza hata mbuzi wawili waliobaki wakasikika wakitafuna.

Aliporudi, hakuna aliyekuwa amesogea. Mama Mulinge alikuwa ameushika mkono wake uliopigwa kwa ule mwingine. Mzee Nthiwa alikuwa ameukunja uso.

Kanyiva alikuwa na aibu tangu utoto, aina ya msichana anayehesabiwa kuwa mpole kwa sababu tu hasemi. Alivua viatu. Alikanyaga matope, akakishika kitasa cha karavani kwa viganja viwili, akakaa nacho hivyo.

"Sasa haiumi," alisema. "Nimezima kwa mita. Lakini huyo hakuuawa na safari, alipigwa na stima. Nyumba hii inauma kila mvua ikinyesha, ikiwa imewashwa au imezimwa, na sote hapa tunajua. Mama, ungeshika wewe."

Mama Mulinge alimtazama mbuzi. Akautazama mguu wake ulio ndani ya matope, kisha mlango, na Kanyiva aliona jinsi alivyokuwa akiviunganisha vitu hivyo vitatu, kimoja baada ya kingine.

"Amenipiga," alimwambia Mzee Nthiwa hatimaye.

"Tumeona."

"Basi sitaki mkwe mwingine. Tafuteni mbuzi."

Mbuzi alipatikana sokoni chini, kwa mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Gabow, na Munyao ndiye aliyemnunua, akinung'unika hadi Mzee Nthiwa alipomuuliza kama angependa wakakae wazungumze tena kuhusu upande wa kwanza na wa pili. Gabow alimleta mwenyewe. Alipomwona beberu mweupe aliuliza kilichomsibu, akaambiwa, akatikisa kichwa. Alisema huyo ni mzoga, wasimle, wamzike mbali na kisima. Kisha akaitazama karavani na kuuliza kama inauzwa, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ntheo ilifanyika katika nyumba ya matofali, kwenye viti vilivyobanana, na ikafanyika sawasawa. Mbuzi alipokewa kwa maneno, akachinjwa mbele ya macho ya watu, na Mama Mulinge alisimama karibu mpaka mwisho, kama mtu anayesimamia kupimwa kwa shamba. Kisha akakaa na kula vizuri.

Ben aliitwa naye, na kwa kuwa aliitwa wakati nyama iko motoni, alifika upesi sana. Aliifungua swichi, akapuliza, akaangalia nyuma ya bati, na kutoka hapo hadi jioni hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Waya wenye moto ulikuwa umejisugua kwenye ukingo wa bati mpaka ngozi yake ikaisha, ukawa umelala juu ya bati lenyewe. Swichi nayo ilikuwa imefungwa kwenye waya wa kurudi, si ule wa kuja, hivyo ukiizima taa inalala lakini stima iko macho, imesimama mlangoni inakungoja. Magurudumu ni mpira, basi haina pa kwenda mpaka wewe ukanyage chini na kuipa njia. Nyumba ya kuhamahama, Ben alisema huku akiongezewa mchuzi, hufungwa swichi inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja, maana hujui kesho itaegeshwa wapi wala nani ataiungia stima kichwa chini. Na ule waya wa tatu, ambao ungemwokoa beberu, uko wapi?

Kila mtu aligeuka kulitazama banda la kuku.

Munyao alisema kwamba swichi zinazouzwa siku hizi ni za bandia, na kwamba yeye alikuwa ameishuku hiyo tangu mwanzo.

Pikapu ziliondoka jua likiwa bado juu ya vilima, Mama Mulinge akiwa mbele, akimpungia Kanyiva kwa mkono ule ule uliopigwa. Mkataba wa koo mbili ulikuwa umefungwa. Kalondu alilala kitandani kwake, katika nyumba aliyoijenga, akasema asiamshwe hata kwa moto. Kanyiva na baba yake walibaki uani wakikusanya viti vya kanisa na kuvipanga kimoja juu ya kingine. Munyao alikuwa katika hali njema. Alisema kwamba kwa jumla siku imekwenda vizuri, wakwe ni watu wa maana ingawa wanabishana sana, na kwamba amepunguza bei ya Gabow kuliko mtu mwingine yeyote angeweza. Alisema pia kwamba Ben atamalizia kesho, akipenda, lakini amemwonya asiguse mapazia.

Kanyiva alikiweka kiti cha mwisho. Siku nzima alikuwa amejibu maswali ya watu, akawatuliza, akawapakulia, na hakuwa amemuuliza mtu yeyote neno lolote.

"Baba," alisema. "Kama Mama Mulinge angekuwa ametangulia kushika ule mlango, kabla ya mbuzi kulamba, ungewaambia nini watu wake?"

Munyao alifikiri. Hakukasirika wala hakujitetea. Alilipa swali hilo uzito wake, kama mtu anayeulizwa njia na mgeni.

"Ningewaambia ni presha," alisema.